Duka la Kisumu lihamie klaudi ama libaki na kompyuta yake? Mjadala uko wazi

Mleta mada, Kisumu
Wadau habari zenu. Juzi kwa kikao cha chama chetu cha wafanyabiashara kijana mmoja wa kuuza programu alisimama akatuambia tuhamishe kila kitu klaudi, yaani data ikae kwa kompyuta za kampuni nyingine tuifikie kwa mtandao: stoki, mauzo, mishahara, madeni, eti ni rahisi kuliko kununua sava, ile kompyuta ya kuhifadhi data ya duka. Tukabishana mpaka chai ikapoa, kwa hivyo nauleta hapa.

Mimi naunga mkono kuhama ila hiyo sababu ya bei siitaki. Mimi nitahama ili biashara yangu isikae kwa mashine moja. Jirani yangu wa hadwea huku Kondele wezi walimbebea kompyuta ya kaunta, na kompyuta yenyewe mtu hununua ingine, shida ni daftari la madeni lilikuwa ndani, mafundi waliochukua mabati na misumari kwa mkopo. Wachache walikuja kulipa wenyewe, wengine siku hizi wanapitia ng'ambo ya barabara. Kama ingekuwa klaudi angefungua kwa simu aendelee kudai.

Sasa bei. Hizi kampuni kubwa zinakukodisha nafasi unalipa kadri unavyotumia, Amazon walianza kuuza hivyo 2006, na kwa mtu mdogo ni sawa kabisa maana hununui sava wala humlipi fundi wa kuichunga. Lakini ankara nyingi ni za dola! Januari 2024 dola ilipita shilingi 160, miezi michache baadaye ikarudi kwa 130 hivi. Ada ya dola 20 kwa mwezi, hapo ni 3,200 ama 2,600, na hujaongeza hata mteja mmoja. Yule kijana hilo alilinyamazia.

Wa simiti, Kibuye
Na mtandao ukipotea je? Mei 2024 zile kebo za baharini za EASSy na Seacom si zilikatika intaneti ikawa ya kutambaa. Mimi nina watu wamepanga foleni na lori linanguruma nje, nitawaambia ngojeni klaudi irudi? Na stima ya huku mnaijua. Sava yangu iko nyuma ya duka, naiona kwa macho.

Mhasibu, Nakuru
Stima ikienda hata hiyo sava ya nyuma ya duka inazima boss, Agosti 2023 karibu nchi nzima si ilikuwa giza. Uliza kama programu inauza oflaini, yaani bila mtandao. Zile nzuri zinaendelea kutoa risiti, mtandao ukirudi zinapeleka mauzo zenyewe, lakini ile ya kufunguliwa kwa brauza pekee ikikatika umekwama. Tena toka KRA, watu wa kodi, walete eTIMS, mfumo wao wa ankara, ankara zako zinapita mtandaoni upende usipende.

Huku kwetu watu wanangoja ile data senta ya Olkaria, jengo la kuweka sava nyingi, Microsoft na G42 ya Falme za Kiarabu waliitangaza Mei 2024, dola bilioni 1, iendeshwe na mvuke wa ardhini. Kutangaza ni kutangaza lakini. Hata ikisimama, data haitasafiri mbali ila sioni wakikuandikia ankara ya shilingi.

Kliniki, Kakamega
Nyinyi mnaongea misumari, sisi tuko na majina ya wagonjwa na magonjwa yao. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haikatazi kuweka data nje ya Kenya, lakini ya afya ni nyeti, lazima mgonjwa akubali na uhakikishe inalindwa huko inakoenda. Muuzaji mmoja tulimuuliza sava zenu ziko wapi, akajibu "ziko klaudi". Tulimpa soda akaenda.

Mleta mada, Kisumu
😂 Haki. Sasa wa simiti, hiyo ya oflaini nakupa, bila hiyo usihame. Ongeza na hii ya kumuuliza muuzaji: siku nikichoka na nyinyi natoka vipi na data yangu? Kuna wa kukupa faili ya Excel siku hiyo hiyo, na kuna wa kukupa PDF kurasa mia ambazo huwezi kuingiza popote. Jaribu kabla hujalipa. Halafu kila keshia awe na nenosiri lake na akiacha kazi linafungwa siku hiyo. Maduka mengi nenosiri ni moja, limebandikwa kando ya skrini, hata mteja analisoma.

Wa simiti, Kibuye
Hilo la skrini umenipata. Lakini dola hujanijibu, nani atanishikia bei mwaka mzima?

Mleta mada, Kisumu
Kuna wauzaji wa hapa Kenya wanaotoza shilingi, unalipa kwa M-Pesa. Kama bei inashikiliwa mwaka mzima hiyo ni ya kusoma kwa mkataba. Mwenye mkataba wa hivyo aseme hapa analipa ngapi na ana keshia wangapi.