Ulinganisho wa vifaa vya kuchomelea: rodi rahisi, rodi nzuri au waya, kipi kinapunguza gharama kwa karakana ya Tanga?

Karakana_Makorora
Wakuu, habari za kazi. Karakana iko Makorora. Kazi kubwa ni mageti na grili za madirisha, kisha minara ya matangi ya maji na matengenezo ya trela za mashamba ya mkonge. Mashine ni inveta ya rodi ya ampea 200 na MIG (mashine ya kuchomelea kwa waya) ya 250. Napanga manunuzi ya miezi sita. Mwenye kusema "nunua ya ghali" tafadhali aje na hesabu.

Chuma_Ngamiani
Mkuu, bei ya pakiti haikuambii kitu. Tafuta bei ya kilo ya chuma kinachobaki kwenye kiungo. Rodi ya milimita 350 ukitupa kipisi cha milimita 50 umeshatupa asilimia 14, bado gamba linalofunika mshono, moshi na cheche. Rodi nzuri huacha kama asilimia 60 hadi 65 ya uzito wake.

Bei hizi ni za mfano tu. Rodi nzuri kilo 5 kwa sh 28,000, inabaki asilimia 62, yaani kilo 3.1: kila kilo ni kama sh 9,030. Rodi rahisi kilo 5 kwa sh 20,000, unatupa nusu kilo iliyobanduka dawa (ganda la nje la rodi), kinachobaki kinaacha asilimia 55: kilo 2.475, kila kilo sh 8,080. Kwa rodi peke yake, rahisi bado inashinda kwa sh 950. Lakini ongeza diski ya grenda inayoliwa kusafisha cheche, umeme na muda wa fundi. Ikila robo saa zaidi kwa kila kilo, ile sh 950 imekwisha kabla hujagusa kiungo cha kurudiwa. Kwa hiyo pima vitu viwili karakanani: diski kwa kila kilo ya rodi, na viungo vinavyokatwa upya.

Fundi_Pongwe
Nakubaliana na hesabu, ila usinunue aina moja kwa kazi zote. Geti na grili za bomba la mraba la milimita 1.5 zinataka E6013 (rodi ya kazi za kawaida) ya milimita 2.0, ampea 40 hadi 60, au 2.5 kwa ampea 60 hadi 90 penye chuma kinene. Kuweka E7018 (rodi ya haidrojeni kidogo, ya kazi nzito) hapo ni kuunguza pesa na kutoboa bomba.

Trela ni habari nyingine. Ulimi wa kuvutia, vishikio vya springi na kiti cha ekseli vinatikiswa kutwa. Hapo E7018 ya milimita 3.2, ampea 100 hadi 140, rodi kwenye chanya, moto mfupi kabisa, yaani ncha ya rodi karibu sana na chuma. Ukirefusha moto, hewa inaingia na vitundu vinajaa mwanzoni mwa mstari. Na mashine ndogo ya transfoma isiyotoa volti za kutosha kabla ya moto kuwaka, kama 70 hivi, itakusumbua kuwasha 7018. Inveta yako ya DC inaweza, mradi kitabu chake kinaitaja.

Stoo_Kavu
Wakuu, tunajadili daraja la rodi, lakini Tanga pesa inapotelea stoo. Hewa ya bahari ina unyevu mwaka mzima na dawa ya 7018 inaunyonya. Kwenye moto, maji yale yanatoa haidrojeni, inaingia kwenye chuma cha moto na kupasua pembeni mwa mshono. Ubaya wake ni kwamba ufa unaweza kutokea saa 48 baadaye, trela ikiwa imeshaondoka. 7018 ya bei kubwa iliyokaa wazi wiki nzima haina faida yoyote juu ya 6013 kavu.

Kanuni ya Marekani ya miundo ya chuma inaipa E7018 ya kawaida saa 4 nje ya oveni. Ikifunguliwa, ihifadhiwe kwenye nyuzi 120 na kuendelea. Ikizidisha muda, ioke karibu nyuzi 350 kwa saa moja hadi mbili kadiri mtengenezaji anavyoelekeza, na mara moja tu. Iliyoloweshwa na maji, tupa.

Friji bovu lenye balbu ndani linafaa kwa 6013 peke yake. Halifiki joto la kuitunza 7018. Na 6013 usiioke kama 7018: dawa yake inahitaji unyevu kidogo, ukiikausha kupita kiasi moto unayumba na dawa inabanduka. Nyuzi 70 hadi 110 kwa saa moja zinatosha. Kama huna oveni, nunua 7018 kwa pakiti ndogo zilizofungwa bila hewa, ufungue asubuhi ya kazi ya trela.

Karakana_Makorora
Shukrani wakuu. Na MIG je, kwa mageti mengi yanayofanana?

Waya_na_Gesi
Hapo ndipo waya unalipa, mkuu. ER70S-6 (waya mtupu wa MIG) ya milimita 0.8 inaacha zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake, haina gamba, haina kipisi. CO2 tupu ni nafuu na inazama vizuri, ila cheche ni nyingi. Mchanganyiko wa argoni 80 na CO2 20 unapunguza kazi ya grenda. Kwa geti la kupakwa rangi nyeusi ningeanza na CO2, lita 10 hadi 15 kwa dakika. Fungua mlango upepo wa kusi ukivuma na gesi yote inapeperuka, unapata mshono kama sifongo.

Waya ukishika kutu unakula ncha ya shaba na kuziba mrija. Chukua roli la kilo 5 kama kazi ni za vipindi. La kilo 15 ni rahisi kwa kilo lakini linakaa muda mrefu. Lifunike usiku.

Mjenzi_wa_Minara
Kwa kazi za nje chukua waya wenye dawa ndani, E71T-GS, gesi haihitajiki. Utatumia hata kwenye trela.

Fundi_Pongwe
Kwenye trela hapana, ndugu. GS ni ya pasi moja tu (mstari mmoja wa mshono), chuma chembamba. Mshono wa pasi nyingi unataka angalau E71T-11, nayo ina kikomo cha unene kwenye maelezo yake. Zote mbili ni tochi kwenye hasi. Asiyebadilisha nyaya ndani ya mashine atalaumu waya bure.

Chuma_Ngamiani
Kabla ya kununua katoni, omba pakiti moja. Soma kama imeandikwa AWS A5.1 (kiwango cha Marekani cha rodi) pamoja na namba ya rodi na namba ya toleo. Angalia kichwa cha rodi: chuma cha ndani kisipokuwa katikati ya dawa, moto utavuta upande mmoja. Unga mweupe juu ya dawa au kutu kwenye ncha tupu, rudisha. Kisha chomelea vipande viwili vya milimita 6 umbo la T, upande mmoja tu, uvunje kwa nyundo ukipiga kuelekea kwenye mshono. Vitundu, gamba lililobaki ndani au kona ambayo haikuyeyuka vitaonekana palepale. Fanya hivyo kwa rodi zote mbili, ampea zilezile, fundi yuleyule, na uhesabu sentimita za mshono kwa kila rodi.