Kuchora hatua za kiinitete cha chura (Xenopus laevis): gastrula zote zinafanana

kalamu_na_hadubini
Habari wakuu. Naandaa michoro ya kiinitete cha Xenopus laevis, tangu yai hadi kiluwiluwi kinapoanguliwa, kwa makala ya utafiti na chati ya darasani. Seli 2, 4 na 8 zimekaa vizuri. Shida ni gastrula, yaani seli zinapoanza kuingia ndani (hatua ya 10 hadi 12 kwa namba za Nieuwkoop na Faber): zote zinatoka mpira mweusi. Na nichore kwa ukubwa gani?

maabara_chini
Mkuu, unatazama kutoka juu. Kiinitete hai hukaa nusu nyeusi juu, nusu nyeupe iliyojaa kiini cha yai chini, na blastopora (tundu ambalo seli huingilia ndani) hufunguka huko chini. Ukikipindua kikiwa hai kitajigeuza tena ndani ya utando wake, kwa hiyo kihifadhi kwanza.

Toa ute unaozunguka yai kwa sisteini 2% yenye pH 7.8 hadi 8, dakika kama 5. Viinitete vikianza kugusana, suuza mara 4 au 5 mara moja; ukichelewa vinaharibika. Viweke kwenye MEMFA (kimiminika cha kuhifadhi chenye formaldehidi) saa 1 hadi 2, kisha kwenye bafa. Usichore vilivyokaa kwenye alkoholi, vinasinyaa na vipimo vyako vitakudanganya. Vipange kwenye vishimo vya agarosi 1%, ukivigeuza kwa kitanzi cha unywele, taa ikipiga kutoka ubavuni ili mifereji itupe kivuli.

Sasa tofauti utaziona. Hatua ya 10 ni mstari mfupi mweusi upande wa mgongo, kati ya ikweta na ncha ya chini. Wengi huuweka nchani kabisa, na hilo ni kosa. Weusi wake ni rangi iliyosongamana kwenye seli zilizobanwa umbo la chupa. Kwenye 10.5 mstari unapinda kama mwezi mwandamo, 11 unakuwa kama kiatu cha farasi, na 12 umekuwa duara kamili linalozunguka kizibo cheupe cha kiini. Kwenye 12.5 kizibo kimebaki kidogo sana. Mgongo uuelekeze juu katika michoro yote ya gastrula.

mwl_baiolojia
Kuhusu ukubwa, tumia kipimo kimoja. Yai lina mm 1.3 hivi, na kiinitete cha hatua ya 35/36 (kinapoanguliwa) kina urefu wa mm 5 hadi 6. Ukikuza mara 40, hicho cha mwisho kinaweza kuzidi upana wa A4. Mara 30 inatosha: yai sm 4, kiluwiluwi sm 15 hadi 18. Usiandike "×30" chini ya mchoro. Weka mstari wa mm 1, kwa sababu projekta na printa hubadilisha ukuzaji.

Usiweke saa peke yake pia. Gastrula huanza saa 9 hivi baada ya yai kurutubishwa, kwa nyuzi 23 za Selsiasi, lakini kwenye maji baridi huchelewa sana. Namba ya hatua kwanza, kisha saa pamoja na joto.

kalamu_na_hadubini
Asanteni sana. Na neurula, yaani hatua zinazofuata ambapo mfumo wa neva unaanza kujengeka?

maabara_chini
Hapo hamia mtazamo wa mgongoni, kichwa juu. Kuanzia 13 hadi 20 mikunjo ya neva ndiyo inayotofautisha hatua, na kutoka ubavuni huioni ikikutana.