Naomba ushauri: kioo cha mlango wa gari kimevunjwa na wezi

Assalamu alaykum ndugu zangu. Usiku wa kuamkia jana wezi walivunja kioo cha mlango wa nyuma wa gari yangu, Toyota Vitz niliyokuwa nimeiegesha Michenzani, wakachukua mkoba wa mwanangu wenye madaftari yake yote, jambo lililoniuma kuliko kioo chenyewe. Polisi nimeshawaarifu.

Kioo kimesagika punje punje kama chumvi ya mawe, na nyingine zimeingia ndani ya mlango, kiasi kwamba nikiufunga nazisikia zikichakarika. Kwa sasa nimeziba kwa nailoni, lakini mvua za masika zinapenya.

Je, nitafute kioo kilichotumika hapa Unguja, au niagize Dar es Salaam kije kwa boti? Na fundi afungue mlango mzima kuusafisha kwanza, mashine ya kupandisha na kushusha kioo isije ikaharibika?