Umri wa madeni au wastani wa siku: kipi kinamfaa msimamizi wa kliniki?

Msimamizi wa Tudor: Assalaam aleikum wenzangu. Kliniki yetu inazidai kampuni tatu za bima, pamoja na SHA, yaani mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, na mwenye kliniki anataka kila mwezi ukurasa mmoja tu unaoonyesha hali ya madeni. Njia ya kwanza ni wastani wa siku tunazongoja kulipwa: ankara za miezi mitatu ni shilingi 8,100,000, sawa na 90,000 kwa siku, na tunadai 5,400,000, basi ni siku 60. Ya pili ni jedwali la umri wa madeni, lenye safu za siku 0–30, 31–60, 61–90 na zaidi ya 90. Mngechagua ipi?

Mhasibu wa Changamwe: Jedwali, ndugu yangu, tena kila mlipaji awe na mstari wake, kwa sababu ndani ya hizo siku 60 huenda yupo anayelipa kwa mwezi mmoja na mwingine aliyekaa miezi mitano, nawe hujui umpigie nani simu. Isitoshe, mwezi wa wagonjwa wengi hupandisha wastani hata kama hakuna aliyechelewa. Madai ya zamani ya NHIF, ambayo SHA ilichukua nafasi yake Oktoba 2024, yatenge kabisa.

Bi Makupa: Mimi nauliza kwanza mnaanza kuhesabu lini. Sisi tulihesabu tangu siku ya kupeleka madai, na jedwali likapendeza, kumbe fomu zilikuwa zimelala mezani wiki tatu zikingoja saini ya daktari. Sasa tunaandika tarehe zote mbili, ya matibabu na ya kupeleka, na uzembe wetu wenyewe unaonekana.

Karani wa Likoni: Programu hutoa jedwali hilo upesi kuliko Excel, nakiri. Lakini bima ikilipa kwa mkupuo na malipo yasioanishwe na ankara moja moja, deni lililokwisha kulipwa litasomeka la siku 120, na hapo programu na Excel ni mamoja.

Msimamizi wa Tudor: Shukrani. Nitaweka jedwali kwa kila mlipaji, na wastani utakaa chini ya ukurasa. Bi Makupa, madai yaliyokataliwa mnayaondoa kwenye jedwali?

Bi Makupa: Hapana, mwanangu. Hubaki humo mpaka yarekebishwe na kupelekwa upya, au mwenye kliniki aidhinishe kwa maandishi kwamba yafutwe. Karani hana ruhusa hiyo.