Tupeane uzoefu: uliyewahi kupimwa ubongo au mishipa ya fahamu, walikupimaje?

Kijana wa Kinondoni: Wakuu habari za leo. Mzee wangu mkono wa kulia unatetemeka akiwa amekaa tu, akishika kikombe unatulia. Tumempeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu tukijua ataingizwa kwenye mashine, kumbe kaambiwa agonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, afumbe na kufumbua ngumi, ainuke kwenye kiti bila kujishika, atembee korido. Kila kitu kinapewa alama 0 mpaka 4. Maza kanuna, hela yote hiyo kwa kugonganisha vidole? Dokta anashuku Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, anasema MRI (ile mashine ya kupiga picha ya ubongo) ya kawaida mara nyingi inatoka safi, wanapiga ili kuondoa magonjwa mengine. Nyie je?

Mama Twins, Tabata: Pole kwa mzee. Mwanangu mmoja anaanguka, tukaandikiwa EEG, ile ya umeme wa ubongo. Fumua rasta zote, nywele zisiwe na mafuta, usiku alale kidogo ili asinzie kwenye kipimo (mnakesha naye nyumba nzima sasa). Wakambandika vinyaya kichwa kizima, mara apumue kwa nguvu, mara taa inawaka inazima usoni. Majibu kawaida! Mashangazi wakapata la kusema, si mnaona hamna ugonjwa, ni mambo ya kienyeji. Dokta akatuambia kipimo kinaona dakika zilezile tu alizolala pale, kifafa kinaweza kuwepo na karatasi ikawa safi. Kilichosaidia ni video ya simu, inaonyesha kabisa kichwa kinavyoanza kugeukia kushoto.

Boda Mbagala: Mimi sukari, nyayo zinakufa ganzi. Nesi kanifumbisha macho akasema atanigusa chini ya mguu na kiuzi cha nailoni, nikihisi niseme. Nikawa nasubiri aanze, kumbe kashamaliza.

Mmachame wa Mjini: 😂😂 pole kaka. Bibi yangu yuko Hai, Kilimanjaro, anasahausahau. Hajasoma, halafu vile vipimo vingine vya kumbukumbu vinataka uchore saa, utoe saba saba kutoka 100, yaani anafeli hata kama kichwa kizima. Wakampima kwa kinachoitwa IDEA, kimetengenezwa kwa wazee wasiosoma na Hai yenyewe ni sehemu mojawapo walikokifanyia utafiti. Anaulizwa daraja ni nini, leo siku gani, anapanga njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Bibi kaanza na ng'ombe wake, mmoja mmoja kwa jina, dakika ikaisha. Sijui walimpa ngapi ila mimi ningempa zote.

Kijana wa Kinondoni: Mama Twins, hiyo ya video nimeipenda. Mzee nimrekodi kabla ya dawa au baada?

Mama Twins, Tabata: Zote mbili baba, na uandike saa aliyomeza. Asijue unamrekodi mwanzoni, wazee wakiona kamera wanakaza mkono.

Kijana wa Kinondoni: Huyu wangu atavaa na koti kabisa.