Naombeni ushauri: kazi nimeipenda, lakini GPA inashuka

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni binti wa mwaka wa pili, nasoma uhasibu hapa Dar, kozi ya miaka mitatu. Tangu Novemba nafanya kazi jioni tatu kwa wiki na Jumamosi kutwa kwenye ofisi ndogo ya wahasibu Kariakoo, elfu kumi kwa siku. Tunawatengenezea wafanyabiashara vitabu vya hesabu na ritani za VAT, yaani fomu za kila mwezi za kodi ya ongezeko la thamani. Kila ikikaribia tarehe 20 ya mwezi, mwisho wa kuziwasilisha, ni kukimbizana: watu wanaleta risiti za EFD (zile mashine za risiti za kodi) zimejaa kwenye mifuko, nyingine zimefifia hata hazisomeki.

Kazi naipenda kweli. Siku moja nilikaa saa tatu nalinganisha taarifa ya benki na daftari la mteja, shilingi 27,000 haionekani. Bosi akaja akasema, "Igawe kwa 9." Ikagawanyika. Akaniambia hapo kuna uwezekano mkubwa mtu kageuza tarakimu. Nikaitafuta hivyo, nikaikuta: malipo ya 63,000 yameandikwa 36,000. Darasani sikuwahi kusikia hilo.

Shida ni matokeo. Mwaka wa kwanza nilimaliza na GPA, yaani wastani wa alama, ya 4.1 kati ya 5. Semista iliyopita nimepata 3.2, ya jumla sasa ni 3.8. Uhasibu wa gharama nimepata C. Testi ya pili iliangukia wiki ya ritani, nikaingia sijafungua hata daftari. Sasa bosi anataka niongeze siku mbili. Bumu (hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo) linaishia kwenye chakula na chumba, na mama yuko Mbeya anajua nasoma tu. Nifanyeje?

Kalamu Nyekundu: Mdogo wangu, usiangalie 3.8, angalia 3.2. Ukiendelea na 3.2 hadi mwisho, na semista zote zikiwa na uzito sawa, unamaliza na 3.5 kamili. Huo ndio ukingo wa daraja la pili la juu. Somo moja likiteleza, umeshuka la chini. Na kama una ndoto ya kubaki chuoni kufundisha, matangazo ya vyuo vya umma huwa yanataka 3.8. Usiongeze siku hata moja.

Mtoto wa Mbagala: Naheshimu aliyetangulia, ila si kila mtu ana nafasi ya kuacha hela. Bumu likichelewa, hiyo elfu kumi ndiyo nauli na ndiyo chakula. Mimi nilimaliza na 3.9, fildi, yale mafunzo ya vitendo, nilikwenda mahali nikashinda natoa fotokopi wiki nane. Kwenye usaili wa kwanza nikaulizwa nionyeshe ritani inavyojazwa, nikabaki naangalia meza. Dada, hiyo ofisi usiiache.

Mama Wawili: Mimi niliiacha shule ikae pembeni. Nikapata sapu (mitihani ya marudio) tatu, moja ikawa kerii, yaani somo la kurudia mwaka unaofuata, nikaongeza mwaka. Ofisi niliyokuwa naihangaikia ilifungwa kabla sijahitimu, na barua ya kuonyesha nilifanya kazi pale sikuwahi kupewa. Barua yako iombe sasa, ukiwa bado unaonana na bosi. Na mwambie mama. Alinisaidia mzazi wangu nilipomweleza, nilijuta kuchelewa.

Kalamu Nyekundu: @Mtoto wa Mbagala sijasema aache. Nasema kalenda ya ritani inajulikana mwaka mzima, na ya chuo pia. Dada, zichukue zote mbili uziweke mbele ya bosi. UE (mitihani ya mwisho wa semista) za Julai zitagongana na tarehe 20. Likizo ndefu ikifika mpe siku zote tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Halafu hiyo C usiidharau, gharama utakutana nazo tena kwenye mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu.

Mleta mada: Asanteni sana, nimesoma kila jibu. Leo nimeongea na bosi, nimemwonyesha ratiba ya testi. Siku hajaongeza. Amekubali nije Jumamosi na jioni ya tarehe 17 hadi 19 tu, Julai nzima nisije, na Agosti nianze kutwa. Hela itapungua, kwa hiyo chumba nitatafuta wa kushirikiana naye. Barua ameahidi Ijumaa. Mama nimempigia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama hapo ofisini nakula mchana. Kama kuna mwenye mitihani ya zamani ya uhasibu wa gharama, naomba anitumie.