Cristina D'Avena amedumu vipi kwa nyimbo za katuni?

Mgeni wa Bologna:
Habari zenu wanajukwaa. Ninaishi Italia, na hivi karibuni nilikwenda kwenye tamasha la Cristina D'Avena, mwimbaji wa nyimbo za katuni za televisheni, nikitarajia kukuta watoto, kumbe ukumbi umejaa watu wa makamo wanaoimba kila ubeti bila kukosea. Wimbo wa kufungulia kipindi kwa kawaida husahaulika kipindi kikiisha. Yeye amewezaje kudumu nao kwa zaidi ya miaka 40?

Mpenda Santuri:
Ndugu, anzia hapo hapo unapoishi. D'Avena alizaliwa Bologna mwaka 1964, na mwaka 1968, akiwa hajatimiza miaka minne, alishika nafasi ya tatu katika Zecchino d'Oro, shindano la nyimbo za watoto, kisha akakulia katika Antoniano, kwaya ya watoto ya hapo Bologna. Kwa hiyo alipoitwa mwaka 1981 kuimba wimbo wa katuni ya Pinocchio kwa ajili ya Canale 5, kituo cha televisheni cha mfanyabiashara Silvio Berlusconi, hakuwa mgeni wa maikrofoni. Mwaka uliofuata wimbo wa Puffi, wale viumbe wadogo wa buluu, ulimpatia santuri ya dhahabu.

Hata hivyo, siri kubwa ilikuwa ya kibiashara. Vituo vya Berlusconi vilinunua katuni nyingi za Japani, vikaziondolea nyimbo zake za asili na kuziwekea mpya za Kiitaliano, nyingi zikiwa na maneno ya Alessandra Valeri Manera, aliyesimamia vipindi vya watoto. Kisha kampuni ya santuri ya wenye vituo haohao ikaziuza katika mikusanyo ya Fivelandia iliyoanza kutoka mwaka 1983. Mtoto aliusikia wimbo kila siku, na duka lilikuwa likimsubiri.

Shabiki wa Licia:
Mwenzangu amesahau *Kiss Me Licia*. Katuni hiyo ya Japani ilipendwa mno Italia mwaka 1985, lakini hadithi ilikuwa imekwisha Japani, basi mwaka 1986 Waitaliano wakajitungia mwendelezo wa waigizaji halisi, na D'Avena mwenyewe akaigiza kama Licia, mhusika mkuu. Kinachonichekesha hadi leo ni kwamba mwimbaji huyu, aliyejulikana kwa sauti yake, aliingiziwa sauti ya mwingine kila alipozungumza, ili Licia asikike kama yule wa kwenye katuni. Lakini tangu hapo watu waliijua sura yake, jambo ambalo waimbaji wengi wa nyimbo za vipindi hawakulipata.

Mzee wa Kaseti:
Msiwape wenye vituo sifa zote. Nyimbo za katuni hakuziimba yeye peke yake: katuni ya Lady Oscar ilikuwa na wimbo wa kundi la I Cavalieri del Re tangu mwaka 1982, na D'Avena akaimba mwingine mwaka 1990. Mashabiki wanabishana mpaka leo upi ni bora, na mimi nipo upande wa ule wa kwanza. Alichowazidi wengine ni kutozionea haya nyimbo hizo. Kuanzia mwaka 2007 alizipeleka jukwaani pamoja na Gem Boy, bendi ya vichekesho ya Bologna, mbele ya watoto wa zamani waliokwisha kuwa watu wazima. Mwaka 2017 akatoa albamu ya *Duets*, ambamo Loredana Bertè, mwanamuziki mkongwe wa roki, aliimba naye *Occhi di gatto*, wimbo wa katuni nyingine, na mwimbaji Noemi akashirikiana naye katika huo huo wimbo wa Lady Oscar ninaoubeza.